Anza na Mkeka, Si na Jicho la Tatu: Mwongozo wa Taamuli ya Chakra kwa Walio Tanga

Wengi wanaoingia katika mambo ya chakra huanzia juu. Wamesikia habari za jicho la tatu, kile kituo cha kati ya nyusi, basi siku ya kwanza tu wanafumba macho, wanakaza nyusi, na baada ya dakika 20 wanainuka na maumivu ya kichwa. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Unaanzia pale makalio yanapogusa mkeka, unapanda wiki kwa wiki, na kila kikao lazima kishuke hadi chini kabla hujainuka. Matatizo mengi tutakayoyataja huko mbele yana chanzo kimoja: mtu alipanda haraka, au alipanda akasahau kushuka.

Kwanza tuelewane maneno. Mitandaoni wapo wanaoita kazi hii tahajudi. Kwa mtu wa Tanga tahajudi ni sala ya usiku, na ukimwambia jirani yako wa Makorora kuwa unafanya tahajudi saa 11 jioni atakushangaa. Hapa tutasema taamuli, yaani kukaa kimya na kuituliza akili mahali pamoja.

Chakra ni neno la Kisanskriti, maana yake gurudumu. Wanayoga wa India waliyapanga magurudumu hayo kando ya uti wa mgongo, mahali zinapokutana njia za nguvu ya uhai waliyoiita prana. Njia zenyewe ni nadi. Maandiko mengi hutaja 72,000, lakini zinazofanyiwa kazi ni 3: ida upande wa kushoto, pingala kulia, na sushumna katikati. Usiende kuzitafuta kwa eksirei, na daktari akimpasua mtu hazioni. Zichukue kama ramani ya mahali pa kuweka akili.

Ramani inayojulikana zaidi leo imetoka katika andiko la mwanayoga Purnananda wa India la mwaka 1577, ambalo jaji Mwingereza John Woodroffe alilitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1919. Andiko hilo linahesabu chakra 6. Utosi umewekwa juu ya hizo 6, ndiyo maana watu husema 7. Na zile rangi za upinde wa mvua, nyekundu chini hadi zambarau juu, ni mpango wa karne ya 20 kutoka nchi za Magharibi. Kwenye andiko la zamani kituo cha chini kabisa kina mraba wa njano, cha pili kina mwezi mwandamo mweupe, cha kitovu kina pembetatu nyekundu iliyoelekea chini. Kwa hiyo aliyekuuzia mawe saba ya rangi saba akakuambia ndivyo ilivyokuwa tangu zama za kale, amekuuzia mawe.

Saa na mahali

Saa nzuri ni kati ya saa 11 alfajiri na saa 12 na nusu asubuhi. Anayeswali alfajiri akae baada ya kuswali, pale pale, kabla bodaboda hazijaanza kupiga honi Ngamiani. Jioni inawezekana, ila mbu ndio wanaamka na tumbo mara nyingi lina kitu. Baada ya mlo mzito kama wali na samaki, subiri muda wa saa 3. Chai na kitafunio, muda wa saa 1 na nusu unatosha.

Ufukwe wa Raskazone unapendeza, lakini kwa mwezi wa kwanza baki nyumbani. Mchanga wenye unyevu hulegea chini ya kikalio kimoja ukakaa upande bila kujua, na upepo wa kusi ukivuma masikioni, akili inakwenda nao. Chumbani fungua dirisha. Mbu wakizidi, kaa ndani ya chandarua. Usiwashe dawa ya mbu ya kuviringa, kwa sababu utavuta moshi wake kwa pumzi ndefu kuliko kawaida. Ubani na udi ni hivyo hivyo: fukiza dakika 15 kabla, kisha toa chetezo nje. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, na ule "wepesi wa kichwa" ambao mtu anadhani ni kufunguka kwa chakra huenda ni sumu.

Kikao: nusu shibiri

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Ukikaa chini bapa na kukunja miguu, nyonga hurudi nyuma, kiuno kinapinda, mbavu zinaikalia pumzi. Ndani ya dakika 5 mgongo unauma. Dawa yake ni kuinua makalio hadi yawe juu kuliko magoti. Kwa watu wengi kimo kinachofaa ni nusu shibiri, kama sentimita 10 hadi 12. Mwenye nyonga ngumu, aliyezoea viti, huenda akahitaji sentimita 15 au zaidi.

Tandika mkeka. Juu yake kunja blanketi zito mara tatu au nne mpaka lifike kimo hicho, ukalie ukingo wake wa mbele tu, si katikati. Mto wa usufi unafaa kama umejazwa ukakazwa. Ule wa kulalia hunywea baada ya dakika 10 na wewe unanywea nao. Kipande cha godoro la sponji vilevile: cha sentimita 15 ukikikalia kinabaki nusu. Na kwa wanaouliza kuhusu mbuzi wa nazi, kwa kuwa kimo chake kinakaribia, jibu ni hapana. Ubao wake mwembamba unabana mishipa ya makalio, na lile jino lake mbele ya mapaja halimpi mtu utulivu.

Kunja miguu kawaida, mguu mmoja mbele ya mwingine, si lazima upande juu ya paja. Magoti yasiyofika chini yawekee khanga iliyokunjwa kila upande. Goti linaloning'inia huivuta nyonga muda wote. Sasa yumba mbele na nyuma mara kadhaa, ukipunguza kidogo kidogo, mpaka uhisi mifupa miwili ya makalio imesimama kwenye blanketi kama vigingi. Hapo ndipo. Shingo isimame, kidevu kirudi ndani kwa unene wa kidole. Viganja juu ya mapaja. Ulimi uguse nyuma ya meno ya juu. Legeza mkanda au fundo la kikoi.

Mtu asiyeweza kukunja magoti akae kwenye kiti kigumu bila kuegemea, nyayo zote chini. Kazi ni ile ile, na hapungukiwi kitu.

Mguu ukifa ganzi, si damu iliyokatika kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye paja au pembeni mwa goti. Nyoosha mguu, badilisha wa mbele uwe wa nyuma, endelea. Ganzi isiyoisha dakika chache baada ya kusimama, au vidole vya mguu vinavyoburuza ukitembea, inakwambia uache mkao huo uhamie kwenye kiti.

Pumzi ya kujaa na kupwa

Wiki mbili za kwanza fanya hii tu. Usiguse chakra yoyote.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tunataka kufika mara 6: sekunde 5 kuvuta, sekunde 5 kutoa, zote kwa pua. Kwa mwendo huo mapigo ya moyo huanza kupanda na kushuka pamoja na pumzi, mwili ukalegea wenyewe. Weka kiganja kimoja kidarini, kingine kitovuni. Cha kitovuni kitangulie kusogea. Cha kidarini kisogee kidogo tu, mwishoni. Kikitangulia cha juu, lala chali usiku, weka khanga iliyokunjwa juu ya tumbo, uinyanyue kwa pumzi dakika 5. Siku tatu au nne mwili unashika.

Mwenyeji wa pwani ana mfano mzuri karibu yake. Maji huchukua saa 6 na dakika kama 12 kutoka kujaa hadi kupwa, na hakuna anayeyavuta. Yakifika mwisho husimama kidogo, halafu yanageuka yenyewe. Pumzi nayo ina kusimama huko, juu na chini. Usiirefushe, usiibane, itazame tu ikigeuka. Na kama vile kuna siku za bamvua na siku za maji mafu, kuna siku pumzi itakuwa kubwa na siku itakuwa ndogo. Ya maji mafu usiilazimishe kuwa ya bamvua.

Hesabu kwa pingili za vidole. Gumba la kulia lipite kwenye pingili za vidole vinne vya mkono huo huo: 3 mara 4 ni 12. Kila pingili ni pumzi moja, kuvuta na kutoa, kwa hiyo mkono mmoja ni dakika 2. Ukimaliza mzunguko, kunja kidole kimoja cha kushoto. Vitano vikikunjika umefanya pumzi 60, yaani dakika 10, na simu imebaki chumba cha pili.

Kosa la hapa ni kudhani pumzi ya polepole ni pumzi nyingi. Mtu anavuta mpaka mabega yanapanda, anatoa yote, anarudia. Kabonidayoksaidi ndani ya damu inashuka, mishipa ya damu kichwani inabana, midomo na ncha za vidole zinaanza kuwasha kama sisimizi wamepita, kisha kizunguzungu. Hiyo si prana. Ikitokea, usivute zaidi. Punguza ujazo, vuta kidogo kwa pua kama mtu anayenusa jasmini kwa mbali, na ndani ya dakika 2 au 3 itaisha. Sekunde 5 zikikushinda, anza na 4 kwa 4.

Matundu mawili ya pua

Baada ya wiki mbili, ongeza hii mwanzoni mwa kikao. Wanayoga huiita nadi shodhana, kusafisha nadi: tundu la kushoto ni la ida, mwezi, la kulia ni la pingala, jua. Jambo unaloweza kulihakiki mwenyewe ni kwamba matundu hayapitishi hewa sawa. Weka mgongo wa mkono chini ya pua utaona moja lina nguvu kuliko jingine, na baada ya saa kadhaa yanapokezana, kwa sababu nyama za ndani ya pua huvimba na kunywea kwa zamu.

Tumia mkono wa kulia. Kunja kidole cha shahada na cha kati kwenye kiganja. Gumba ndilo la tundu la kulia, kidole cha pete ni cha kushoto. Toa pumzi yote. Ziba kulia, vuta kushoto kwa 4. Ziba kushoto, achia kulia, toa kwa 6. Vuta kulia hapo hapo kwa 4, ziba, toa kushoto kwa 6. Huo ni mzunguko mmoja, sekunde 20. Fanya 9, ni dakika 3. Daima unamalizia kwa kutoa kushoto. Ukijikuta umemalizia kulia, ulipoteza hesabu mahali.

Gusa tu ile sehemu laini chini ya mfupa, usiikandamize hadi pua ipinde. Kiwiko kikichoka, kishikilie kwa mkono wa kushoto. Tundu likiziba kabisa, lala ubavu dakika 5 upande ulio wazi, lililoziba likiwa juu, mara nyingi litafunguka. Siku ya mafua ruka hatua hii.

Kupanda

Wiki ya 3 unaingia chakra ya kwanza. Kila wiki unaongeza moja tu, hivyo kati ya nyusi utafika wiki ya 8. Kila kituo kina pumzi 12, mkono mmoja.

Kila kituo kina sauti yake, na sauti hiyo huishia na m. Mswahili ana bahati hapa: m ya mtu na m ya mbuyu anaijua tangu utotoni kwamba husimama peke yake bila irabu. Vuta pumzi, tamka silabi kwa sekunde moja, kisha iache m ivume hadi pumzi iishe. Asiyetaka kutamka sauti hizi kwa sababu ya dini yake, na wapo wengi, avume tu midomo ikiwa imefungwa, kama nyuki. Mvumo huo nao ni zoezi la zamani la yoga, na hata jina lake, bhramari, limetokana na nyuki.

*Msamba, muladhara, LAM.* Kituo hiki ndicho nyumba ya kazi yote, kipe uvumilivu. Ukivuta, kaza msamba kidogo kama anayezuia mkojo, kwa nguvu mbili kati ya kumi. Ukitoa, achia kabisa. Kuachia ndiko kugumu. Watu wengi wamebana hapo mchana kutwa bila kujua. Makalio na mapaja yasikaze. Mwenye bawasiri, mjamzito, au aliye kwenye siku zenye maumivu asikaze, aweke akili tu. Dalili kwamba imekaa ni uzito: unajiona mzito kwenye mkeka. Hayo tu. Usisubiri mwanga.

*Juu kidogo ya mfupa wa kinena, svadhisthana, VAM.* Hapa tumbo huanza kunguruma. Ni ishara ya utulivu, si njaa.

*Kitovu, manipura, RAM.* Kosa la kawaida ni kuiweka kwenye chembe cha moyo. Ukiona pumzi imekwama na kichefuchefu kidogo, umepanda juu mno. Shusha vidole vinne. Wapo wanaofundisha hapa pumzi za kusukuma tumbo kwa kasi. Ziache mpaka uwe na mwalimu anayekuona.

*Katikati ya kidari, anahata, YAM.* Jina lina maana ya kisichopigwa, yaani sauti isiyotokana na vitu viwili kugongana. Machozi yanaweza kuja bila sababu. Yaache yapite, usiyachambue. Mwenye wasiwasi wa moyo asifuate mapigo, atajitisha. Aweke akili kwenye ngozi ya kidari ikiguswa na nguo.

*Shimo la koo, vishuddha, HAM.* Legeza taya mpaka meno yasigusane. Imechorwa na petali 16, na kila petali ina irabu ya Kisanskriti. Ukijumlisha petali za chakra zote 6, yaani 4, 6, 10, 12, 16 na 2, unapata 50, herufi zote za Kisanskriti kwa hesabu yao. Kwa hiyo picha zile za maua si mapambo; ni alfabeti iliyopangwa mwilini.

*Kati ya nyusi, ajna, OM.* Pumzi 12, hata ukiona raha. Usizungushe macho juu chini ya kope. Misuli ya macho ikichoka ndiyo inayoleta lile bano la paji la uso wanaloliita jicho kufunguka. Macho yatazame mbele, mbali, kama anayetazama kisiwa cha Toten kutoka ufukweni. Rangi na vimulimuli vinavyoonekana gizani ni vya jicho lenyewe, usivifuate.

Utosi hauna kazi ya kufanywa. Pumzi 6 za kawaida, akili ikae pale bila kutafuta, kisha geuka.

Kushuka

Kwa kila kituo, pumzi 2: nyusi, koo, kidari, kitovu, kinena, msamba. Kimya, bila sauti. Kisha rudi kitovuni, weka viganja viwili, cha kulia juu ya cha kushoto, uhesabu pumzi 12. Sugua viganja, paka usoni, gusa mkeka kwa mikono yote. Kunywa glasi ya maji. Usishike simu kwa dakika 5, maana ukifungua ujumbe kabla hujashuka sawasawa, siku nzima utajiona kama uliyeamshwa usingizini.

Kikao kamili kwa aliyefika wiki ya 8 ni kama nusu saa: dakika 3 za pua, dakika 4 za kujaa na kupwa, dakika 12 za kupanda, dakika 1 ya utosi, dakika 2 za kushuka, 2 za kitovu, na zinazobaki ni za kukaa sawa na kuinuka.

Ikienda vibaya

Usingizi: fungua macho nusu, tazama mkeka umbali wa dhiraa moja na nusu mbele yako. Ukilala kila siku, mwili unadai usingizi, ulipe kwanza.

Joto kichwani, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, kutetemeka: acha vituo vyote vya juu ya kitovu kwa wiki mbili, na acha kabisa kubana pumzi kama ulikuwa unaongeza yako. Tembea pekupeku mchangani maji yakiwa yamekupwa, fua, palilia, kula chakula kilichopikwa. Mtu akitetemeka, mjini watasema kapandwa. Mara nyingi ni misuli iliyochoka na pumzi iliyozidi. Hadithi za kundalini, nyoka aliyejikunja mara 3 na nusu chini ya uti wa mgongo, zimewafanya wengi walazimishe mtetemo huo. Usiulazimishe.

Ukikosa usingizi siku tatu mfululizo, ukasikia sauti zinazokuamuru, au ukaona watu wote wanakusema wewe, hilo si la mwalimu wa yoga wala si la kupiga ramli. Nenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo. Mwenye historia ya kifafa, ugonjwa wa akili au shinikizo la juu la damu azungumze na daktari kabla ya kuanza, na abaki kwenye pumzi ya kujaa na kupwa bila kubana popote.

Mwezi wa Ramadhani fanya baada ya tarawehe au kabla ya daku, si saa 10 jioni koo limekauka. Mwezi huo usiongeze kituo kipya. Ukikosa siku tatu, rudi kituo kimoja nyuma. Ukikosa wiki mbili, rudi kwenye pumzi, pingili 12, vidole vitano.